Jina la uwanja lisiuzwe tena: barua ya wazi kwa Bodi ya Chuo Kikuu cha Minnesota

Waheshimiwa Wajumbe,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii mmeshaipokea ofisini. Hii ya Kiswahili nimeiandika kwa ajili ya majirani zangu wa Brooklyn Park na Minneapolis, Wakenya, Wakongo, Watanzania na Wabajuni, wapate kujua wanaombwa kutia sahihi jambo gani. Nao ni wenye chuo. Chuo Kikuu cha Minnesota ni mali ya umma, ninyi wajumbe 12 mnachaguliwa na Bunge la jimbo, na kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mtunza wagonjwa wa zamu ya usiku huingia kapu lile lile na kodi ya mwenye kampuni.

Ombi lenyewe ni hili. Mkataba wa benki iliyonunua jina la uwanja wa futiboli ya Kimarekani utakapokwisha, jina hilo lisiuzwe tena. Uwanja urudishiwe jina la Memorial Stadium, uwanja wa ukumbusho, kama ulivyoitwa ule wa 1924, na eneo lenyewe la kuchezea lipewe jina la Bobby Marshall.

Najua swali litakalofuata: mama wa Kisii na futiboli ya Kimarekani, wapi na wapi? Kazi yangu ni kutunza wazee. Katika nyumba za wazee za jimbo hili, Jumamosi ya Oktoba hakuna anayekubali kuogeshwa mpaka Gophers, timu ya chuo, wamalize kucheza. Utabembeleza mpaka uchoke. Kwa hiyo nami nilikaa, nikatazama, nikauliza maswali. Mzee mmoja niliyemtunza, sasa ni marehemu, alikuwa mwanafunzi wenu mwaka 1960. Miguu ilikuwa imemkataa na majina ya wajukuu yanampotea, lakini ukimtajia Iowa, chuo cha jimbo jirani, alikaa wima akakupa mechi nzima ya tarehe 5 Novemba: Iowa walikuja wakiwa namba moja nchini, wakarudi kwao wamefungwa 27 kwa 10. Alikuwa akinichorea kwa vidole juu ya blanketi jinsi Sandy Stephens, aliyeongoza mashambulizi siku hiyo, alivyowadanganya mabeki mpira uko huku kumbe uko kule. Ndipo nilipoanza kusoma historia yenyewe. Nikaona kwamba habari za timu hii huwezi kuzitenga na viwanja vyake, na kwamba walioketi kwenye viti vyenu wameijenga mara kadhaa, na mara moja wakaibomoa.

Timu ilicheza mechi yake ya kwanza mwaka 1882, dhidi ya majirani zake wa Hamline. Kiwanja chake cha kwanza cha maana kilikuwa Northrop Field, kilichofunguliwa 1899 na kupewa jina la rais wa chuo wa wakati huo, Cyrus Northrop. Hapo ndipo Michigan walipofika tarehe 31 Oktoba 1903. Kocha wao, Fielding Yost, alikuwa hajapoteza hata mechi moja tangu aanze kazi Michigan, na wenyeji hakuwaamini hata kwa maji ya kunywa. Alimtuma kijana wa timu mjini akanunue mtungi, senti 30. Mechi ikawa 6 kwa 6, mashabiki wakaingia kiwanjani kabla ya dakika kwisha, Michigan wakaondoka mbio mbio na mtungi wakausahau. Aliyeuokota ni Oscar Munson, mhamiaji kutoka Norway aliyekuwa mtunza vifaa. Wakauandika kwa rangi: mtungi wa Michigan, umetekwa na Oscar. Chini yake wakaweka matokeo, 6 ya Minnesota kwa herufi nene, 6 ya Michigan kiduchu, utadhani wenyeji walishinda. Mpaka leo vyuo hivyo viwili vikikutana, mshindi huondoka na mtungi.

Kati ya mataji yote ya futiboli ya vyuo, hilo ndilo linalonifurahisha. Jina lililobaki juu yake ni la mtunza vifaa, mgeni kama mimi, wala si la aliyetoa zile senti 30.

Mwaka uliofuata alianza kuchezea timu yenu kijana aliyekulia Minneapolis, Bobby Marshall. Alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza futiboli katika jumuiya ya vyuo inayoitwa leo Big Ten. Alicheza hadi 1906, na mwaka huo, ugenini Chicago, katika tope na mvua, alipiga mkwaju wa yadi 60 uliopita katikati ya nguzo. Siku hizo mkwaju wa namna hiyo ulihesabiwa pointi nne. Minnesota 4, Chicago 2. Chicago ya kocha Amos Alonzo Stagg haikuwa timu ya kufungwa nyumbani kwake. Na kiwanja walichochezea kilikuwa kikiitwa Marshall Field, kwa jina la tajiri wa maduka aliyetoa ardhi. Hakuna undugu wowote na kijana wetu, majina tu yamegongana. Miaka michache baadaye Chicago waliliondoa jina la tajiri wakaweka la kocha wao. Kwa hiyo mfadhili kupisha jina la mchezo si jambo nitakalokuwa nimelibuni mimi.

Marshall alihitimu sheria chuoni kwenu. Baadaye alifanya kazi miaka mingi serikalini, akikagua nafaka. Mwaka 1920, ligi ya kulipwa inayoitwa leo NFL ilipoanza, alikuwamo, mtu wa miaka 40 akigongana na vijana. Alifariki 1958. Mtu huyu ni wa Minneapolis kwa malezi, kwa elimu na kwa kazi, na si lazima muende mbali kumtafuta mwenye kustahili.

Sasa nawaomba msome polepole kidogo.

Tarehe 6 Oktoba 1923, Iowa State, chuo kingine cha jimbo la Iowa, walikuja Northrop Field. Miongoni mwao alikuwamo Jack Trice, mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa chuo chao, kijana wa miaka 21, ameoa majuzi tu. Usiku wa kuamkia mechi, akiwa hotelini Minneapolis, alichukua karatasi ya hoteli akajiandikia. Aliandika kwamba heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe iko mizani, na kwamba kila mtu anatarajia afanye makubwa, naye atayafanya. Kesho yake akavunjika mfupa wa bega mapema mchezoni. Akakataa kutoka. Katika robo ya tatu alijirusha chini kuwazuia wachezaji wa Minnesota waliokuwa wakija kwa kundi, akaanguka chali, wakampita juu. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa makusudi. Madaktari wa hapa mjini walisema anaweza kusafiri. Akarudishwa Iowa kwa treni akiwa amelazwa kwenye godoro la majani, na tarehe 8 Oktoba akafa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Ile karatasi ya hoteli ilikutwa kwenye koti lake.

Iowa State walichukua muda wao. Wanafunzi walianza kudai jina katika miaka ya 1970, uwanja mpya ulipokuwa ukijengwa. Wakubwa wakavuta miguu. Mwaka 1984 wakatoa nusu mkate: uwanja ukaitwa jina la timu, eneo la kuchezea likaitwa Jack Trice. Wanafunzi hawakunyamaza, na mwaka 1997 uwanja mzima ukawa Jack Trice Stadium. Kwa hiyo kijana aliyeumia kwenye kiwanja chetu anakumbukwa kwao, saa tatu na ushei kwa gari kuelekea kusini, kwa herufi kubwa zinazoonekana toka barabarani. Sisi tulioandaa mechi ile tuna jina la benki.

Kiwanja alichoumia Trice hakikudumu. Mwaka uliofuata tu, 1924, Memorial Stadium ikafunguliwa, na Northrop Field ikamaliza kazi yake. Mtu akiniuliza kwa nini nang'ang'ania jina hilo, namwambia aangalie lilivyopatikana. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka sita tu kabla. Wanafunzi, walimu, wahitimu na watu wa kawaida walichangishana fedha ili kujenga uwanja wa kuwakumbuka watu wa chuo hicho zaidi ya 3,500 waliokwenda vitani. Wale waliochanga hawakuandikiwa majina yao mlangoni. Waliandika kwa nini wamechanga.

Ulijengwa kwa matofali mekundu, umbo la kiatu cha farasi, na lango la upinde. Tarehe 15 Novemba 1924 uliwekwa wakfu mbele ya Illinois iliyokuwa na Red Grange, mchezaji aliyekuwa akitetemesha nchi nzima mwaka ule. Minnesota wakashinda 20 kwa 7. Katika uwanja huo alicheza Bronko Nagurski, jitu la kutoka International Falls mpakani mwa Kanada, aliyekuwa akicheza kushambulia na kuzuia kwa uzito ule ule. Katika uwanja huo kocha Bernie Bierman alijenga timu iliyotwaa ubingwa wa taifa 1934, 1935 na 1936, kisha tena 1940 na 1941. Mchezaji wake Bruce Smith alipokea Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, siku mbili baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, na hotuba yake ikawa ya vita zaidi kuliko ya mpira. Uwanja uliojengwa kukumbuka vita moja ukaona vijana wake wakiondoka kwenda nyingine.

Kuna mashindano na Iowa ambayo majirani zangu hucheka nikiwasimulia, maana kombe lake ni nguruwe wa shaba. Lakini chanzo chake si kichekesho. Mwaka 1934, kule Iowa City, wachezaji wa Minnesota walimpiga vibaya Ozzie Simmons, mchezaji Mweusi wa Iowa, mpaka akatolewa. Mwaka uliofuata gavana wa Iowa akatamka kwamba mambo yale yakirudiwa, watazamaji hawatavumilia. Ili kupoza joto, gavana wa Minnesota, Floyd B. Olson, akampa dau: atakayefungwa atoe nguruwe. Iowa wakafungwa, nguruwe akaletwa mzima mzima, akaitwa Floyd. Kila mwaka nguruwe huyo anabebwa begani kwa shangwe, na wanaombeba ni wachache wanaojua habari za Simmons. Ukumbusho bila maelezo hugeuka kichekesho. Nitarudi kwenye hili mwishoni.

Basi miaka ya 1950 mwishoni, kocha Murray Warmath, mtu wa Kusini aliyezaliwa Tennessee, akafanya jambo ambalo wenzake wa Kusini walikuwa hawathubutu. Vyuo vikubwa vya majimbo yale vilikuwa havichukui wachezaji Weusi. Yeye akawachukua. Bobby Bell na Carl Eller wakatoka North Carolina. Sandy Stephens na Bill Munsey wakatoka Uniontown, Pennsylvania. Stephens akawa Mweusi wa kwanza kuteuliwa kwenye kikosi bora cha taifa akiwa katika nafasi ya mwongoza mashambulizi, nafasi ambayo watu wengi wakati ule walidai Mweusi hana kichwa cha kuicheza. Mwaka 1960 timu ikamaliza namba moja nchini. Januari 1962 wakaenda Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaka mpya kule California, wakawafunga UCLA 21 kwa 3. Hakuna ubingwa wa taifa uliopatikana tangu hapo. Namba 15 ya Stephens mmeshaistaafisha, na kwa hilo nawapongeza.

Mnaona mambo yanayokaa ndani ya jina la uwanja.

Mwaka 1981 wakubwa wa chuo wakaamua kuhama. Memorial Stadium ilikuwa imechakaa, ukarabati una gharama, na ng'ambo ya mto katikati ya mji kulikuwa kunamalizika jumba jipya la paa la kitambaa linaloinuliwa kwa upepo, Metrodome. Hakuna mvua, hakuna theluji, kodi ya pango nafuu. Hoja ilieleweka, na hata mimi ningekuwa kwenye kikao kile huenda ningenyoosha mkono. Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa dhidi ya Wisconsin, Novemba 1981, tukafungwa 26 kwa 21. Msimu wa 1982 timu ikawa mpangaji.

Mpangaji wa tatu, baada ya Vikings wa futiboli ya kulipwa na Twins wa besiboli. Mnakumbuka Oktoba 2003? Mechi na Michigan, ule mtungi ukiwa mezani, ilisogezwa hadi Ijumaa usiku kwa sababu Twins huenda wangehitaji jumba. Twins wenyewe wakawa wameshatolewa. Minnesota waliongoza 28 kwa 7 kuingia robo ya mwisho, wakapoteza 38 kwa 35. Siwezi kulilaumu jumba kwa hilo. Lakini timu isiyo na uhuru wa kuchagua siku ya kucheza nyumbani haina nyumba. Wanafunzi walipandishwa mabasi kuvuka mto kwenda kutazama timu yao. Mwaka 1983 Nebraska walikuja hapo wakapiga 84 kwa 13. Mechi ya mwisho ya Gophers humo, Novemba 2008, Iowa walishinda 55 kwa 0, na kusema kweli mzee wangu aliniambia nizime televisheni.

Mimi niliingia Metrodome mara chache na watoto. Ninachokikumbuka ni mlango wa kutokea. Kwa kuwa paa lilishikiliwa na hewa, ukifungua mlango upepo ulikutoa nje kwa nguvu, unajikuta kwenye baridi na kofia ya mtoto imeshafika barabarani. Vilevile nakumbuka kwamba hapakuwa na chochote cha kukuonyesha kwamba hapa ndipo wanapocheza watoto wa chuo. Siku inayofuata mabango yote yalikuwa ya wengine.

Huku nyuma, Memorial Stadium ilikaa karibu tupu kwa zaidi ya miaka kumi, ikabomolewa 1992. Kilichookolewa ni lango la upinde. Leo limejengwa upya ndani ya McNamara Alumni Center, jengo la wahitimu lililosimama pale pale. Binti yangu alinipeleka siku moja. Unaingia ukumbi mkubwa wa mawe na vioo vilivyokatwa pembe pembe, kisha unaliona: tofali za zamani, rangi ya udongo uliochomwa, limesimama ndani ya nyumba kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Watu walikuwa wakipita chini yake na vikombe vya kahawa. Nilishika tofali moja. Ni la kukwaruza, na kwenye kingo limeliwa na baridi za majira mengi.

Kurudi nyumbani kulichukua miaka mingi ya kubishana bungeni. Sheria ikapita 2006, na tarehe 12 Septemba 2009 uwanja mpya ukafunguliwa kwa ushindi wa 20 kwa 13 dhidi ya Air Force. Mliujenga vizuri, nasema hivyo bila kuuma maneno. Umbo la kiatu cha farasi limerudi, tofali limerudi, nafasi zaidi ya 50,000, na majina ya kaunti zote 87 za Minnesota yameandikwa kuuzunguka. Paa la Metrodome lilipopasuka kwa theluji Desemba 2010, ni Vikings waliokuja kubisha hodi kwenu, na watu wakaajiriwa kwa saa kuzoa theluji kwenye viti. Sasa mwenye nyumba mkawa ninyi. Na Novemba 2019, Gophers walipowafunga Penn State 31 kwa 26, hata mtu asiyejua sheria za mchezo aliona umati ulioingia kiwanjani kwamba watoto wale wako kwao.

Kilichobaki ni jina, na hapa nataka tuhesabu pamoja.

Uwanja uligharimu dola milioni 288.5. Jimbo, yaani sisi walipa kodi, lilibeba takriban asilimia 48. Benki ya TCF iliahidi dola milioni 35 kwa mkataba wa miaka 25. Katika kila dola iliyojenga uwanja, umma ulitoa kama senti 48 na benki kama senti 12. Wanafunzi nao wamewekewa ada ya uwanja kwenye karatasi ya karo. Nimeiona kwa macho yangu, maana karatasi hiyo huja kwangu. Waliotoa senti 48 hawana jina popote. Waliotoa 12 wana jina kwenye uwanja, kwenye tiketi, kwenye alama za barabarani, na kinywani mwa kila mtangazaji.

Mtaniambia fedha za benki zinahitajika. Milioni 35 ukizigawa kwa miaka 25 ni milioni 1.4 kwa mwaka. Tangu mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya House, ya kesi ya wanamichezo dhidi ya chama cha michezo ya vyuo, Juni 2025, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Wachezaji kulipwa sina ugomvi nako hata kidogo. Wamevunjwa mifupa bure kwa zaidi ya karne. Lakini pimeni: thamani ya jina zima la uwanja, kwa bei mliyoliuza, haifiki asilimia 7 ya kiwango hicho. Mwezi huo huo wa Juni 2025 mlipandisha karo ya wanafunzi wa jimbo kwa asilimia 6.5. Jina la benki halikuwaokoa watoto wetu na nyongeza ile, wala haliwezi. Na mkiliuza tena kwa bei ya juu zaidi, ambalo najua mnalifikiria, tofauti itamezwa na gharama za futiboli kabla wino haujakauka.

Mfano wa mfadhili mwingine mnao hapo hapo nje ya geti. Jumuiya ya Shakopee Mdewakanton Sioux ilitoa dola milioni 10 kwa uwanja huo huo. Ungeweza kutarajia waandike jina lao. Uwanda wa mbele ukaitwa Tribal Nations Plaza, kwa heshima ya mataifa yote 11 ya wenyeji wa asili wa Minnesota, na ukipita unawasoma wote. Tena hao ndio wenye ardhi.

Kisha kuna suala la msimamo wenu wenyewe. Aprili 2019, wanafunzi na kamati za chuo waliwaomba mbadilishe majina ya majengo manne, likiwemo la Lotus Coffman, rais wa chuo aliyewazuia wanafunzi Weusi kuishi kwenye mabweni. Ndiye aliyekuwa madarakani uwanja wa 1924 ulipojengwa. Bodi ilikataa kwa kura 10 kwa 1. Wengi wa waliopiga kura zile wameshaondoka, lakini uamuzi ni wa Bodi na haujafutwa. Hoja iliyosikika wakati ule ni kwamba jina la jengo ni jambo zito, si la kuguswa hovyo. Sawa. Miaka miwili baadaye TCF ikaungana na benki ya Huntington, na uwanja ukabadilishwa jina. Hapakuwa na jopo la wanahistoria. Kumbe jina linaguswa, ila aguse mwenye hundi. Nawaombeni kwa heshima yote mnielezee tofauti, maana binti yangu ameniuliza na nimekosa la kumjibu.

Sijifanyi kwamba kwetu ni bora. Kenya uwanja ukikamilika, rais aliyepo hutafutiwa nafasi ukutani. Lakini hata huko watu wamejifunza kuuliza.

Ninachowaomba mfanye sasa si kigumu. Chapisheni mkataba wa jina kwenye tovuti ya Bodi, pamoja na mabadiliko ya 2021, ili tujue tarehe unayokwisha na kama benki ina haki ya kuongeza muda. Kwa kuhesabu miaka 25 tangu milango ifunguliwe, tunafika 2034. Kama kuna kifungu kinachosema vingine, mwenye chuo ana haki ya kukisoma. Pili, wekeni azimio kwenye ajenda yenu kwamba Bodi haitaingia mkataba mpya wa jina wala kuongeza uliopo bila kusikiliza umma, na mkutano mmoja ufanyike nje ya chuo, jioni, siku ambayo watu wa zamu wanaweza kufika. Brooklyn Park tuna kumbi.

Eneo la kuchezea halihitaji kusubiri 2034, isipokuwa kama mkataba umelitaja. Iowa State walifanya hivyo 1984 kama nusu mkate, nanyi mnaweza kulifanya kama mwanzo. Liiteni Bobby Marshall Field. Na kwa kuwa Northrop Field haipo tena, wekeni langoni ubao unaoeleza kilichompata Jack Trice katika mji huu tarehe 6 Oktoba 1923, kwa maneno kamili, na kilichompata Ozzie Simmons mwaka 1934 pia, ili anayembeba yule nguruwe ajue anabeba nini. Maneno yaandikwe na walimu wenu wa historia. Wapo, na wanalipwa tayari.

Sahihi zinakusanywa makanisani, msikitini, kwenye maduka yetu ya vyakula na katika nyumba mbili za wazee. Hao wa mwisho wananihimiza sana, kwa sababu wanasema hawana muda wa kungoja kamati. Nitazileta mwenyewe kwenye kikao chenu cha hadhara. Naomba dakika tatu za kuzungumza, na kiti kimoja cha magurudumu kipatiwe nafasi ya mbele, maana nitakuja na mtu mwingine aliyekuwapo siku Iowa walipofungwa 27 kwa 10.

Wenu katika ujenzi wa chuo,

Mzazi na mlipa kodi, Brooklyn Park, Minnesota